Pikipiki Imekataa Kuwaka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Injini ya petroli inataka vitu vitatu ili iwake: moto wa plagi unaokuja kwa wakati wake, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi, na kompresheni (mgandamizo) ndani ya silinda. Pikipiki ikikataa kuwaka, kimojawapo kimekosekana, na kazi yote ni kujua ni kipi kabla hujatoa pesa mfukoni. Wengi hufanya kinyume. Leo plagi mpya, kesho CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru moto wa plagi), keshokutwa kabureta nzima kutoka soko la Kibuye mjini Kisumu, halafu inagunduliwa kuwa tatizo lilikuwa waya mmoja uliokatika chini ya usukani. Na kipuri cha umeme kikishafungwa kwenye pikipiki, muuza duka hakipokei tena.

Maelezo haya ni ya pikipiki za kabureta za cc 100 hadi 150, zile zinazobeba abiria kati ya Kondele na Mamboleo na magunia kati ya Luanda na Majengo kule Vihiga: Boxer, TVS, Honda na nyingi za Kichina. Kuwa na spana ya plagi, bisibisi, spana namba 8 na 10, plagi moja ya akiba unayojua ni nzima, multimita ya bei nafuu na chupa ya plastiki inayoonyesha ndani.

Kabla ya kushika spana

Angalia swichi nyekundu ya kuzima injini iliyo upande wa mkono wa kulia. Mkono wa koti la mvua huisukuma bila mwendeshaji kujua, na watu wamepiga kiki nusu saa kwa sababu hiyo. Koki ya mafuta nayo: iko ON, lakini je, petroli tankini imeshuka chini ya mrija wa ON? Igeuze iende RES (akiba), subiri nusu dakika kabureta ijae, kisha jaribu. Weka nyutro, shika klachi, inua stendi ya pembeni, maana pikipiki nyingine zina swichi inayokata moto stendi ikiwa chini. Sukuma kepu ya plagi kwa kidole uhakikishe imekaa.

Kama pikipiki ni ya mkopo, uliza malipo yamefikia wapi. Nyingi hufungwa kifaa cha kuifuatilia, na baadhi ya vifaa hivyo vinaweza kukata umeme wa stata au wa CDI kutoka mbali. Vilevile swichi ya siri dhidi ya wezi, iliyofungwa na mwenye pikipiki wa kwanza chini ya kiti, huchakaa na kukata moto yenyewe. Hapo hata plagi ya dhahabu haitasaidia.

Stata haizungushi injini

Washa ufunguo, bonyeza stata, tazama taa ya nyutro. Taa isipowaka kabisa na honi ikawa kimya, umeme haufiki: fyuzi imekatika, terminali ya betri imelegea, au swichi ya ufunguo imekufa. Fyuzi nyingi ni ya ampea 10 au 15, na namba imeandikwa juu yake. Weka ya namba hiyohiyo. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara itafanya pikipiki iwake leo, ila siku waya utakapogusa chuma, fyuzi hiyo haitakatika; kitakachoungua ni nyaya zote chini ya tanki. Na fyuzi mpya ikikatika papo hapo, acha kubadilisha, tafuta waya uliochubuka.

Taa ikififia au kuzimika unapobonyeza, na relei (swichi ya umeme inayolisha stata) ikalia tik-tik-tik, betri imechoka au terminali zina kutu ya kijani na nyeupe. Pima betri pikipiki ikiwa imezimwa: volti 12.6 kwenda juu ni nzuri, 12.2 ni nusu, chini ya 12 imeisha. Kisha pima ukiwa umebonyeza stata. Ikianguka chini ya takriban volti 10, betri haina nguvu hata kama awali ilionyesha namba nzuri. Kusafisha terminali, ondoa hasi kwanza, mwagia maji moto, sugua kwa mswaki mkuukuu, kausha, funga chanya kwanza kisha hasi, upake grisi. Betri ikiwa mpya na bado inaisha kila asubuhi, usiilaumu. Washa injini kwa kiki, ongeza mwendo, pima tena. Inapaswa kuwa kati ya volti 13.5 na 14.8. Ikibaki 12 na kitu, koili za magneto (jenereta inayozungushwa na injini) au rektifaya (inayougeuza umeme huo uweze kuchaji betri) hazichaji.

Relei ikilia tik moja nzito na stata isigeuke, kaboni za mota ya stata zimekwisha au waya wake mnene umelegea. Stata ikizunguka kwa sauti nyepesi na injini ikakaa tuli, klachi ya stata iliyo nyuma ya magneto inateleza. Hiyo ni kazi ya fundi, lakini kiki bado inafanya kazi, kwa hiyo huna haja ya kuivuta pikipiki hadi gereji.

Betri dhaifu na kiki ni jambo linalowachanganya wengi. Kuna pikipiki ambazo CDI yake hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneto. Hizo huwaka kwa kiki hata betri ikitolewa kabisa. Nyingine CDI yake hula umeme wa betri, na betri ikifa kabisa, kiki haitoi moto hata upige mpaka goti liume. Jua yako ni ipi siku ambayo bado inawaka: izime, chomoa fyuzi kuu, washa ufunguo, piga kiki. Ikiwaka, haitegemei betri.

Injini inazunguka lakini haishiki: soma plagi

Hapa ndipo watu wengi huanza kubahatisha, na hapa ndipo plagi yenyewe husema. Fungua koki, piga kiki mara nane hivi, kisha toa plagi mara moja. Kabla ya kuifungua, puliza vumbi lililojaa kwenye shimo lake kwa pampu ya baiskeli. Punje za mchanga wa barabara ya maramu zikidondoka ndani ya silinda zitakwaruza ukuta wake, na utakuwa umetengeneza tatizo la pili.

Plagi ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Nenda kwenye sehemu ya petroli. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, ama moto hakuna, ama petroli imezidi. Anza na moto. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli imekuwa nyingi kuliko hewa kwa muda mrefu: choki iliyokwama, chujio la hewa lililoziba, au kabureta iliyorekebishwa Kisumu, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, halafu pikipiki ikahamia Eldoret kwenye mita 2,100 ambako hewa ni nyepesi zaidi. Ikiwa imepakwa oili nyeusi nzito, ringi za pistoni au sili za valvu zinapitisha oili, na plagi mpya itakupa siku chache tu. Ikiwa na matone yasiyochanganyika na petroli, hayo ni maji.

Petroli ikizidi kwa sababu ya kiki nyingi na choki, dawa haihitaji kipuri. Funga koki, zima choki, zungusha aksileta hadi mwisho na uishikilie hapo, piga kiki mara nane hadi kumi. Hewa itafuta petroli iliyojaa ndani. Kausha plagi, irudishe, jaribu bila choki. Joto la Kisumu mchana halihitaji choki hata kidogo. Choki ni ya asubuhi za baridi za Timboroa, Molo na Kericho, na hata huko iondoe mara injini inapotulia.

Moto wa plagi

Chukua plagi ya akiba, si ile iliyotoka ndani, ichomeke kwenye kepu, na ulaze nyuzi zake za chuma juu ya mapezi ya silinda. Ikae mbali na shimo la plagi, kwa kuwa mvuke wa petroli unaotoka hapo unaweza kushika moto. Usishike chuma kwa mkono: volti hapo ni maelfu. Weka kivuli kwa mwili wako, piga kiki. Cheche ya buluu yenye mlio wa tap ni nzuri. Cheche nyekundu nyembamba ni dhaifu, na inayoruka hewani wazi inaweza kukataa kuruka chini ya kompresheni. Hakuna kitu kabisa? Twende hatua kwa hatua.

Plagi ya akiba ikitoa moto na ya zamani isitoe, kazi imekwisha. Pima nafasi ya ncha kabla ya kufunga mpya: pikipiki nyingi hizi zinataka milimita 0.6 hadi 0.7. Ianzishe kwa vidole mpaka ikae, kisha kaza kwa spana nusu mzunguko tu. Hedi (kichwa cha injini, plagi inapofungwa) ni ya aluminiamu, na nyuzi zikichanika utalipia kuchongewa upya.

Hakuna moto hata kwa plagi nzima, fungua kepu kwa kuizungusha kinyume cha saa. Mara nyingi ndani utakuta waya umeota kutu au umechomoka. Kata milimita tano za mwisho wa waya kwa mkasi mkali ili upate nyuzi safi, uirudishe kepu kwa kuizungusha ndani. Multimita ikisoma kepu yenye rezista, tarajia takriban kilo-ohm 5. Isiposoma chochote, kepu imekufa. Baada ya pikipiki kuoshwa kwa maji ya presha, au baada ya kuvuka maji ya Ahero wakati wa mvua za masika, kepu na shimo la plagi ndivyo vya kwanza kukaushwa. Usiku, piga kiki ukiwa gizani: ukiona cheche ndogo zikitoka kwenye waya au kepu kuelekea chuma, moto unavuja kabla ya kufika.

Sasa usukani. Nyaya za swichi hupita shingoni mwa fremu na hupinda kila unapokata kona. Baada ya miaka kadhaa ya kazi ya boda, uzi wa shaba hukatika ndani wakati plastiki ya nje bado ni nzima, kwa hiyo jicho halioni kitu. Washa ufunguo, tazama taa ya nyutro, geuza usukani taratibu kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Taa ikicheza, umepata mahali. Isipocheza, rudia huku mwenzako akipiga kiki na wewe ukitazama cheche. Moto ukitoka upande mmoja wa usukani tu, fungua sehemu hiyo ya nyaya, vuta kila waya polepole. Uliokatika hunyooka kwa urefu kuliko wenzake. Pikipiki inayozima kwenye kona na kuwaka barabara iliyonyooka ina ugonjwa huu karibu kila mara.

Kwa pikipiki isiyotegemea betri, kuna waya mmoja unaotoka swichi ya kuzima kwenda CDI, na kazi yake ni kuua moto ukigusana na chuma. Tafuta rangi yake kwenye mchoro wa pikipiki yako, maana kampuni hutofautiana. Uchomoe kwenye CDI, piga kiki. Moto ukirudi, swichi au waya wake ndio wenye hitilafu, CDI ni nzima. Kumbuka kwamba bila waya huo injini haitazimika kwa ufunguo. Uizime kwa kuweka gia na kuachilia klachi ukiwa umeshika breki. Kwa zile zinazokula betri, hesabu ni tofauti: pima kama volti 12 zinafika kwenye waya wa kulisha CDI ufunguo ukiwa umewashwa.

Moto ukiwa bado haupo, pima pulsa (koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa kutoa moto) iliyo pembeni ya magneto. Nyingi husoma kati ya ohm 100 na 250. Sifuri au kutosoma kabisa maana yake imekufa. CDI yenyewe haipimiki vizuri kwa multimita. Azima ya pikipiki ya aina hiyohiyo stejini, ichomeke dakika moja, uone. Ndiyo maana CDI ni ya mwisho kununuliwa, ingawa ndiyo ya kwanza kutajwa.

Petroli

Moto upo, plagi ni kavu. Chomoa paipu ya mafuta kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, fungua koki. Unatafuta mkondo usiokatika. Ukianza vizuri kisha ukawa matone, fungua kifuniko cha tanki. Mkondo ukirudi, tundu la hewa la kifuniko limeziba, na tanki linavuta hewa isiyopatikana. Mara nyingi ni kipande cha nailoni ambacho mwendeshaji ameweka chini ya kifuniko kuzuia mvua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 lakini chini ya vifuniko vya tanki haijakosekana. Dalili yake barabarani: inakwenda kilomita chache, inazima, ukisimama robo saa inawaka tena. Mkondo usipokuwepo hata kifuniko kikiwa wazi, chujio la koki ndani ya tanki limejaa kutu.

Petroli ikitoka, iache chupa itulie dakika tano na uitazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini kwa mstari unaoonekana au kama shanga zinazotembea ukiinamisha chupa. Kisha legeza skrubu ya kumwagia chini ya kikombe cha kabureta na uchukue iliyomo humo pia, kwa sababu tanki laweza kuwa safi na kikombe kikawa na kijiko kizima cha maji. Kiasi hicho kinatosha kuziba jeti, kijitundu kinachopitisha petroli. Ukikuta maji tankini, usihangaike kuongeza petroli juu yake. Toa tanki, limwage lote, liache juani.

Mafuta ya taa ni adui mwingine. Sheria ya Fedha ya 2018 iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na petroli, lakini petroli ya chupa kando ya barabara haina anayeichunguza. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi injini ikiwa baridi. Kwa hiyo pikipiki inasumbua asubuhi, plagi inatoka imelowa kitu kisichokauka, ikishapata joto inakwenda huku ikigonga na kutoa moshi. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe kivulini, na pembeni yake tone la petroli unayoiamini. Petroli safi hupotea kwa dakika chache na kuacha karatasi karibu ilivyokuwa. Doa la mafuta likibaki na ukiligusa linateleza, umeuziwa mchanganyiko.

Kama petroli ni safi, inafika, na bado plagi ni kavu au pikipiki inawaka kwa choki tu na kuzima ukiiondoa, jeti ndogo ya kabureta imeziba. Tundu lake ni jembamba kuliko sindano, na petroli iliyokaa mwezi mmoja au miwili huacha gundi humo. Toa kabureta, fungua kikombe kwa bisibisi inayokaa sawasawa, kwa sababu skrubu hizo ni laini. Chomoa jeti ndogo, itazame dhidi ya anga: lazima uone duara la mwanga. Isafishe kwa petroli na uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa taa, kisha puliza kwa pampu. Sindano ya kushona au waya wa chuma utapanua tundu, na tangu siku hiyo pikipiki itakunywa mafuta bila sababu. Skrubu ya hewa iliyo ubavuni, kabla ya kuifungua, izungushe ndani taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike. Nyingi hukaa kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu.

Kabureta ikimwaga petroli kwa paipu ya chini, sindano ya floti (boya la ndani ya kikombe) haifungi: uchafu, mpira wake umelika, au floti imetoboka. Itikise floti sikioni, ukisikia kioevu ndani, badilisha. Chujio la hewa litazame haraka, hasa kwa pikipiki zinazofuata trekta za miwa Muhoroni na Chemelil. Na mpira unaounganisha kabureta na hedi, upinde kwa vidole; nyufa hupitisha hewa ya wizi.

Inawaka ikiwa baridi, ikipata joto hairudi

Injini ikizima baada ya safari na kukataa mpaka ipoe, usisubiri ipoe ndipo upime, maana ushahidi utakuwa umepotea. Hapo hapo fungua kifuniko cha tanki na ujaribu. Ikikataa, jaribu moto kwa plagi ya akiba. Moto ukiwa umepotea na kurudi injini ikipoa, ni koili ya plagi, pulsa au CDI inayokatika kwa joto. Moto ukiwepo, valvu zimekazwa kupita kiasi: zikipata joto hurefuka na haziketi, kompresheni inatoroka.

Kiki ikirudi kwa nguvu na kupiga mguu, au eksozi ikalipuka badala ya injini kushika, wakati wa moto umehama. Kama magneto ilifunguliwa karibuni, angalia kifunguo kidogo cha chuma kinachoishika kwenye shafti. Hukatika nati isipokazwa vya kutosha.

Kompresheni

Moto mzuri, petroli nzuri, plagi inalowa, bado kimya. Toa plagi, ziba shimo kwa kidole gumba, aksileta wazi, mwenzako apige kiki. Kidole kinapaswa kusukumwa kwa nguvu. Ukipata geji ya kuazima, injini nzima ya aina hii husoma takriban bar 10 hadi 13. Ikishuka chini ya 7, kuwaka ni bahati. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye shimo, pima tena. Ikipanda sana, ringi na silinda zimechakaa. Isipopanda, valvu.

Valvu anza na tapeti (skrubu zinazopanga nafasi ya valvu), kazi ya nusu saa. Injini iwe baridi kabisa, alama ya T ya magneto ikutane na alama ya kava, na tapeti zote mbili zichezecheze. Zisipocheza, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Nafasi ni ndogo, nyingi milimita 0.05 upande wa hewa na 0.05 hadi 0.10 upande wa eksozi, na kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata. Tumia geji ya kupimia, si kukisia kwa kidole.

Nafasi ikiwa sawa na kompresheni bado haipo, hedi itatoka. Ukiwa gereji, kabla ya kukubali valvu mpya, mwombe fundi ageuze hedi na kumimina petroli kidogo kwenye tundu la hewa, kisha la eksozi, valvu zikiwa zimefungwa na springi zake. Subirini dakika tano mkitazama upande wa chumba cha moto. Valvu inayochuruzika ndiyo ya kusagwa au kubadilishwa. Iliyobaki kavu irudi ilivyo, na gasketi ya hedi lazima iwe mpya.